Mabilioni ya Kirkland & Ellis na Yasiyoandikwa Daftarini

Katika kiangazi cha mwaka 1919, kwenye mji mdogo wa Mount Clemens, jimbo la Michigan, Henry Ford aliketi mbele ya mahakama akihojiwa kuhusu historia ya nchi yake. Tajiri huyo wa magari ndiye aliyekuwa mlalamikaji. Miaka mitatu kabla, gazeti la Chicago Tribune lilikuwa limemwita adui wa serikali na wa utawala wowote ule, naye akalishtaki kwa kashfa akidai fidia ya dola milioni 1. Mawakili wa gazeti wakaamua kuupima ujuzi wake hadharani. Alipoulizwa mapinduzi ya Marekani yalitokea lini, akataja mwaka 1812. Alipoulizwa Benedict Arnold alikuwa nani, jenerali ambaye usaliti wake unajulikana na kila mtoto wa shule nchini humo, akajibu kwamba anadhani alikuwa mwandishi. Mwishowe jopo la wananchi lilikubali kwamba Ford amekashifiwa, likamtunuku senti 6.

Mmoja wa mawakili waliolitetea gazeti alikuwa Weymouth Kirkland wa Chicago. Kampuni yake ilikuwa imeanzishwa mwaka 1909 na Stewart Shepard pamoja na Robert McCormick, mtoto wa ukoo uliomiliki Chicago Tribune. Kirkland na mwenzake Howard Ellis waliingia mwaka 1915, na majina yao ndiyo yaliyodumu hadi leo: Kirkland & Ellis. Hii ndiyo kampuni ya mawakili inayoingiza fedha nyingi kuliko nyingine yoyote duniani.

Mwaka 2024 mapato yake yalifika takriban dola bilioni 8.8. Kiasi hicho kinazidi pato la taifa zima la Burundi kwa mwaka, na kinaingizwa na watu wanaouza ushauri, mikataba na utetezi. Mwaka 2017 ilikuwa na mapato ya takriban dola bilioni 3.2, ikawapiku Latham & Watkins waliokuwa wakiongoza. Ndani ya miaka saba mapato yamekaribia kuwa mara tatu. Ina mawakili zaidi ya 3,500, na ofisi zake zimetapakaa kuanzia Chicago, New York na Houston hadi London na Hong Kong.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa wakili anawezaje kutoza fedha za namna hiyo. Kenya na Tanzania zina kanuni za malipo ya mawakili, zenye viwango vya kutoza kwa kazi kama kuhamisha hati ya kiwanja au kusajili rehani. Mawakili wakubwa wa Marekani hutoza kwa saa, na bei ya saa ni makubaliano yao na mteja. Katika kesi za kufilisika kampuni ya mawakili hulazimika kuieleza mahakama bei zake, na nyaraka hizo zinasomwa na yeyote atakaye. Ndiyo maana inajulikana kwamba baadhi ya wakuu wa Kirkland hutoza zaidi ya dola 2,000 kwa saa moja.

Saa hiyo haiandikwi kwa jumla jumla. Hukatwa vipande kumi vya dakika sita sita, na kila kipande huandikiwa maelezo yake: 0.2, simu na mteja kuhusu mkopo, 0.7, kupitia rasimu ya mkataba wa dhamana, 0.1, kujibu barua pepe. Wakili kijana anayemaliza kazi saa tano za usiku hafungi kompyuta mpaka ajaze vipande vyake vyote, maana dakika asiyoiandika haitalipwa na mtu. Mali bila daftari huisha bila habari, wasema wahenga, na mawakili hawa wameishika hiyo kwa ukali ambao mwenye duka la Kariakoo angeuhusudu. Kwa mwaka mzima kijana huyo anatarajiwa kukusanya saa zipatazo 2,000 za kulipiwa. Ukitoa chakula, vikao vya ndani, mafunzo na saa ambazo haiwezekani kumtoza mteja, maana yake ni kuishi ofisini.

Malipo yake ni makubwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, kampuni kubwa za New York na washindani wao humlipa mhitimu wa mwaka wa kwanza mshahara wa dola 225,000, bila kuhesabu bonasi. Kirkland ina utaratibu wake unaowavutia wengi. Vijana hujitafutia kazi wenyewe ndani ya kampuni kama watu walio sokoni, wakachagua mkubwa wa kufanya kazi naye. Aliye hodari hugombaniwa. Anayeshindwa kujiuza hubaki na saa chache, na saa chache huonekana upesi.

Lakini sifa ya kampuni ya mawakili haipimwi kwa mapato yote. Kipimo kinachotazamwa ni faida kwa kila mbia, yaani faida ya mwaka ikigawanywa kwa idadi ya wabia wenye hisa. Kwa Kirkland, mwaka 2024, kila mbia wa aina hiyo alihesabiwa wastani wa dola milioni 9.25.

Zamani hesabu hiyo ilikuwa siri ya familia. Mbia wa kampuni moja hakujua jirani yake wa ghorofa ya pili anapata kiasi gani, na haikuwa adabu kuuliza. Mwandishi Steven Brill ndiye aliyelifunua pazia. Alianzisha jarida la The American Lawyer mwaka 1979, na mwaka 1985 likaanza kuchapisha orodha ya kampuni kubwa na mapato yao. Ghafla kila wakili akajua bei yake sokoni. Kanuni za maadili ya mawakili Marekani haziruhusu kampuni kumfunga wakili kwa mkataba wa kumzuia asiende kufanya kazi kwa mshindani, kwa sababu mteja ana haki ya kumchagua wakili amtakaye. Kwa hiyo mbia mwenye wateja wakubwa anaweza kuaga asubuhi akahamia jengo la ng'ambo ya barabara, na wateja wakamfuata. Orodha ile ilimwonyesha pa kwenda.

Nayo hesabu hiyo ina mlango wa nyuma. Chukulia kampuni yenye faida ya dola milioni 100 na wabia 50. Kila mmoja anahesabiwa milioni 2. Sasa wabia 20 kati yao wanaondolewa kwenye hisa, wanabaki na cheo, na wanalipwa mshahara wa milioni moja moja. Faida inashuka kuwa milioni 80, lakini wenye hisa wamebaki 30, na kila mmoja anahesabiwa karibu milioni 2.7. Hakuna mteja mpya aliyeingia wala senti mpya iliyopatikana, ila kwenye jarida kampuni imepanda ngazi.

Haitakuwa haki kusema kwamba Kirkland imejengwa juu ya ujanja wa hesabu, kwa kuwa mapato yake ni ya kweli na kazi yake wapinzani wake wanaiheshimu. Hata hivyo muundo huo wa ngazi mbili ni nguzo yake. Baada ya takriban miaka sita, wakili kijana anaweza kuitwa mbia, akaweka cheo hicho kwenye kadi yake, lakini akabaki mtu wa mshahara. Wengi hawavuki kufikia hisa. Zaidi ya nusu ya wabia wa Kirkland wamo kwenye ngazi hiyo ya kwanza. Mteja anayesikia kwamba anahudumiwa na mbia si rahisi ajue ni mbia wa aina gani, na mimi naona ana haki ya kujua.

Kule juu, mgawanyo nao umebadilika. Cravath, Swaine & Moore ya New York kwa miongo mingi ilimlipa mbia kwa miaka aliyotumikia. Wawili walioingia siku moja walipata sawa, hata mmoja akiwa ameleta wateja mara kumi zaidi. Utaratibu huo uliwafanya wapeane kazi bila choyo. Kirkland ilikuja na desturi nyingine: anayeleta zaidi alipwe zaidi, na pengo liwe kubwa. Mwaka 2018 Cravath ilimpoteza mmoja wa mawakili wake wakuu wa kesi, akahamia Kirkland. Hakuwa peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 Cravath yenyewe ililegeza kanuni yake ya kale.

Fedha zenyewe zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye mifuko mikubwa ya uwekezaji binafsi, kama Bain Capital na Blackstone. Mifuko hii hukusanya mitaji ya matajiri na ya mashirika ya pensheni, hununua kampuni, huzipanga upya, kisha huziuza kwa faida. Kila hatua inadai mawakili: kuanzisha mfuko, kununua, kukopa, kuuza, kulipa kodi. Kampuni ya kawaida hununua nyingine mara moja baada ya miaka mingi, lakini kwa mfuko wa namna hii ununuzi ndiyo kazi yake ya kila siku. Kirkland iliwashika wateja hao mapema, wakati kampuni za kifahari za New York zikiwahudumia mabenki na viwanda vikongwe, na mifuko ilipokua Kirkland ikakua nayo.

Mguu wake wa pili ni ufilisi. Uchumi ukiyumba, ununuzi hupungua, lakini wenye madeni huongezeka, na kampuni inayozama huhitaji mawakili kuliko inayoelea. Katika mwaka wa korona, 2020, Kirkland iliziongoza mahakamani kampuni kama Chesapeake Energy ya mafuta na gesi, na maduka ya Neiman Marcus na JCPenney. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Bed Bath & Beyond na WeWork. Mvua inyeshe au jua liwake, ankara zinatoka.

Mfano wa maduka ya vitu vya watoto, Toys "R" Us, unaonyesha jinsi miguu hiyo inavyokutana, na ni hapa msomaji anapaswa kutulia kidogo. Mwaka 2005 Bain Capital, KKR na kampuni ya majengo ya Vornado waliinunua kwa dola bilioni 6.6. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo, na mzigo wa mkopo ulibebeshwa duka lenyewe, si wanunuzi. Kila mwaka zaidi ya dola milioni 400 zilikwenda kulipa riba, fedha ambazo zingetengeneza maduka na kuimarisha biashara ya mtandaoni wakati Amazon ikiwanyang'anya wateja. Septemba 2017 kampuni ilikimbilia mahakama ya ufilisi mjini Richmond, Virginia, ikiwakilishwa na Kirkland, kampuni ile ile ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikimhudumia Bain katika shughuli zake nyingine. Sheria inataka uhusiano wa namna hiyo utangazwe mbele ya hakimu ili wadai wauone, kisha mahakama iamue, na hakuna kilicho haramu katika hilo.

Jitihada za kuliokoa duka zilishindikana. Kufikia mwisho wa Juni 2018 maduka yake yote ya Marekani yalikuwa yamefungwa, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 wakapoteza kazi. Wengi waliambiwa kwamba hakuna kiinua mgongo. Sheria ya ufilisi ya Marekani huwaweka mawakili na washauri wa kesi mbele kwenye foleni ya malipo, kwa hoja kwamba bila hivyo hakuna atakayekubali kuihudumia kampuni isiyo na kitu. Hoja hiyo ina mantiki. Lakini mwanamke aliyekaa kwenye kaunta ya malipo kwa miaka 20 alikuwa nyuma sana ya foleni hiyo. Wafanyakazi waliandamana mpaka kwenye ofisi za wawekezaji, na mwishoni mwa mwaka 2018 KKR na Bain wakatenga mfuko wa dola milioni 20 kwa ajili yao, ingawa sheria haikuwalazimisha.

Wanaodhani ukubwa ni kinga watazame yaliyowapata Dewey & LeBoeuf. Jina hilo la kwanza ni la Thomas Dewey, gavana wa New York aliyegombea urais mwaka 1948. Gazeti lililochapa kwa herufi kubwa kwamba amemshinda Truman, wakati ameshindwa, lilikuwa Chicago Tribune, likiwa mikononi mwa McCormick yule yule aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya Kirkland. Dewey alipomaliza ugavana aliingia uwakili, na kampuni iliyobeba jina lake ikadumu. Mwaka 2007 iliungana na LeBoeuf, Lamb, Greene & MacRae, na mawakili wake wakazidi 1,300.

Ili kuwavuta na kuwazuia wabia wenye majina, viongozi wa Dewey & LeBoeuf waliwaahidi wengi wao malipo maalumu kwa miaka kadhaa, iwe faida imepatikana au la. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Faida ikapungua, ahadi zikabaki pale pale. Mwaka 2010 kampuni ilikopa dola milioni 150 kwa kuuza hati za dhamana. Mwanzoni mwa mwaka 2012 wabia walianza kuondoka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na kila aliyeondoka aliondoka na wateja wake. Mei 28 mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na hadi hapo haikuwahi kuanguka kampuni kubwa zaidi ya mawakili nchini Marekani. The American Lawyer lililazimika kushusha takwimu za mapato na faida lilizokuwa limezichapisha kwa kuyaamini maelezo ya kampuni. Baadhi ya viongozi walishtakiwa mwaka 2014, na baada ya kesi mbili aliyetiwa hatiani na jopo la wananchi alikuwa mkuu wa fedha.

Hapo ndipo udhaifu wa biashara hii unapoonekana. Kiwanda kikitetereka kina mashine za kuuza. Kampuni ya mawakili ina watu na imani yao kwamba wenzao watabaki.

Lakini si yote huhesabika kwa fedha. Mwaka 1931 Kirkland ilifanya kazi ambayo haimo kwenye jedwali lolote la faida. Jimbo la Minnesota lilikuwa na sheria ya mwaka 1925 iliyomruhusu hakimu kulifunga gazeti linaloonekana kuwa kero kwa jamii. Mwaka 1927 ilitumika kulifunga gazeti dogo la Minneapolis, The Saturday Press. Mhariri wake, Jay Near, hakuwa mtu wa kupendeza. Aliwatukana Wayahudi kwa chuki ya wazi, na habari zake za rushwa zilichanganyika na matusi. McCormick hata hivyo aliona kwamba sheria inayoweza kumnyamazisha Near inaweza kulinyamazisha gazeti lolote. Weymouth Kirkland akasimama mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani kumtetea. Juni 1, 1931, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba serikali haiwezi kulizuia gazeti kabla halijachapishwa, isipokuwa kwa sababu nzito mno. Miaka 40 baadaye, uamuzi huo ulikuwa nguzo ya magazeti yaliyochapisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam.

Kampuni hiyo pia ilikaa karibu na serikali. Kenneth Starr, aliyemchunguza Rais Clinton, alikuwa mbia wa Kirkland. Brett Kavanaugh alipitia humo kabla ya kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na William Barr kabla ya kurudi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali mwaka 2019.

Machi 2025 Rais Donald Trump alianza kutoa amri dhidi ya kampuni za mawakili zilizowahi kuwatetea wapinzani wake au kuwaajiri waliomchunguza. Amri hizo ziliwanyima mawakili ruhusa ya kuona siri za serikali, ziliwazuia kuingia kwenye majengo ya umma, na ziliwatishia wateja wao wenye mikataba ya serikali. Wakati huo huo, tume ya usawa kazini iliziandikia kampuni 20, Kirkland ikiwemo, ikitaka maelezo kuhusu namna zinavyoajiri. Aprili 11 ilitangazwa kwamba Kirkland, Latham & Watkins, Simpson Thacher na A&O Shearman zimeafikiana na serikali: kila moja itatoa huduma za bure zenye thamani ya dola milioni 125 kwa shughuli ambazo pande zote mbili zinaziunga mkono. Paul Weiss ilikuwa imeshakubali milioni 40. Jumla ya kampuni tisa ziliafiki.

Kampuni nne zilikwenda mahakamani: Perkins Coie, WilmerHale, Jenner & Block na Susman Godfrey. Zote nne zilishinda katika mahakama ya wilaya mjini Washington kati ya Mei na Juni 2025, kila moja mbele ya jaji wake. Majaji hao waliona kwamba amri zile zinavunja kipengele cha kwanza cha marekebisho ya katiba, kipengele kile kile ambacho Weymouth Kirkland alikitetea kwa ajili ya mtu kama Near.

Walioafiki walisema kwamba waliwalinda wateja na wafanyakazi wao, na mwenye watu maelfu nyuma yake hapaswi kubezwa anapohofia mishahara yao. Lakini kampuni yenye mapato ya dola bilioni 8.8 ilikuwa na uwezo wa kusimama kuliko yoyote kati ya zile nne zilizosimama. Ukiliona hilo, ni vigumu kuutazama uamuzi wake kama hesabu ya kawaida ya biashara.

Soko nalo lilianza kutoa majibu ambayo orodha ya faida haikuyatarajia. Mwezi huo huo wa Aprili, Microsoft iliiondoa Simpson Thacher katika kesi moja muhimu na kuikabidhi kwa Jenner & Block, waliokuwa wakipambana na serikali. Mei, wabia wanne mashuhuri wa kesi walitoka Paul Weiss wakaanzisha kampuni yao wenyewe.